Sister Rosetta Tharpe kwa mpangilio wa tarehe: miezi minne na juzuu mbili za rekodi zake

Napiga gitaa la solo kwenye kanisa letu la Kipentekoste hapa Mbeya, mwaka wa 19 sasa. Mwaka juzi nilitumiwa video fupi kwenye simu: mwanamke wa makamo, koti zito mwilini, gitaa jeupe la umeme begani, amesimama kwenye stesheni ya treni iliyolowa mvua. Anaimba habari za mvua ya Nuhu, na kila akivuta pumzi gitaa linaitikia. Ilikuwa Manchester, Uingereza, Mei 1964, kipindi cha televisheni kilichopigwa kwenye stesheni iliyokuwa imefungwa. Niliirudia mpaka bando likaisha. Huyo ndiye Sister Rosetta Tharpe, na tangu siku ile nimekuwa nikitafuta rekodi zake za mwanzo, zile za kabla dunia haijajua kuna kitu kinaitwa rock and roll.

Cha kwanza kununua kilikuwa CD ya bei nafuu ya “nyimbo bora” zake. Sitaitaja kampuni, ila nataka mnunuzi mwingine asipite nilikopita mimi. Nyimbo zilikuwa zimechanganywa bila tarehe; wimbo wa 1957 umekaa kabla ya wa 1939, huelewi ametoka wapi anakwenda wapi. Hakuna jina la mpiga piano wala mpiga ngoma hata mmoja. Kibaya zaidi ni sauti yenyewe. Walioitengeneza walichuja mikwaruzo ya santuri mpaka wakachuja na gitaa. Nyuzi za juu zimekufa, sauti ya mama wa watu inatoka kama amefunikwa blanketi. Niliisikiliza mara tatu nikaiweka kabatini, nikabaki na video ya simu.

Krismasi iliyopita shemeji yangu anayeishi Lyon aliniletea nilichomwagiza: juzuu mbili za kwanza za mkusanyo wa rekodi zake zote uliotolewa na Frémeaux & Associés ya Ufaransa, ulioandaliwa na Jean Buzelin. Mkusanyo mzima una juzuu 7. Ya kwanza inachukua 1938 hadi 1943, ya pili 1943 hadi 1947, na kila moja ina CD mbili. Zote mbili zimenigharimu zaidi ya laki moja na nusu za Kitanzania. Kwa mwalimu wa shule ya msingi hizo ni pesa. Baada ya miezi minne ya kuzisikiliza karibu kila jioni, ningezitoa tena.

Jambo lililonishika ni mpangilio. Nyimbo zimefuatana kwa tarehe zilivyorekodiwa, na kijitabu kinaeleza kila kikao cha studio: siku, mji, nani alipiga nini. Unaanza tarehe 31 Oktoba 1938, New York, studio za kampuni ya santuri ya Decca. Rosetta ana miaka 23. Amezaliwa Cotton Plant, Arkansas, amekulia Chicago akizunguka na mama yake, Katie Bell Nubin, mwinjilisti aliyepiga mandolini kwenye mikutano ya injili. Mtoto amepewa gitaa angali mdogo sana. Kwa hiyo huyu anayeingia studio ana uzoefu wa karibu miaka 20 wa kupiga mbele ya watu wanaolia, wanaonena kwa lugha, wanaocheza. Siku hiyo anarekodi nyimbo 4, yeye na gitaa lake kavu tu.

Mmoja wa hizo nyimbo 4 ni “Rock Me”, na hapo nimekaa wiki nzima.

Wimbo huo ni wa Thomas A. Dorsey, baba wa injili ya kisasa ya Wamarekani weusi, ambaye kabla ya hapo alikuwa mpiga piano wa bluzi. Yeye aliuandika kama ombi: Mungu, unifiche kifuani pako. Sisi tunaosikiliza kwa Kiswahili tuna faida moja hapa. Kile kitenzi cha Kiingereza, “rock”, kwetu kingetakiwa kuwa vitenzi viwili. Mama akimpakata mtoto anambembeleza. Ngoma ikikolea inakutikisa. Kwa Kiingereza ni neno hilohilo moja. Dorsey aliomba kubembelezwa. Rosetta analitamka kwa kulikunja kooni, analivuta, kisha gitaa linaporomoka chini yake kwa nyuzi moja moja, na ghafla hujui tena ni lipi kati ya hayo mawili linaombwa. Bila kubadilisha imani ya wimbo amebadilisha mwili wa anayeusikiliza.

Halafu ruka mpaka 1941, kwenye juzuu hiyohiyo. Ni wimbo uleule, sasa na bendi kubwa ya Lucky Millinder, tarumbeta na saksafoni zimejaa chumba. Watu wengi watapenda toleo hili kuliko la kwanza, na kweli lina raha yake. Mimi nachagua la 1938 bila kusita. Kwenye la bendi gitaa limesukumwa nyuma, linajitokeza kama mtu anayechungulia katikati ya umati. Kwenye la kwanza unasikia kidole gumba kikitembea kwenye besi na vidole vingine vikiimba juu, mtu mmoja anafanya kazi ya watatu. Niliziweka mfululizo, la kwanza kisha la pili, labda mara 30. Usingeweza kufanya hivyo kwa CD isiyo na tarehe, maana usingejua hata kuwa ni matoleo mawili ya mwanamke mmoja yaliyotenganishwa na miaka mitatu.

Nyimbo za kipindi cha Millinder zinaniuma kidogo, na nitasema kwa nini. Mkataba ulimtaka aimbe na za kidunia, akaziimba, na watu wa kanisa waliokuwa wakimlea wakamgeuzia uso. Sijawahi kupiga klabu. Lakini miaka sita iliyopita, baada ya ibada moja, mzee wa kanisa aliniita pembeni akanikataza kupiga sebene kwenye mapambio, eti naingiza baa madhabahuni. Nilikaa nje ya timu ya sifa karibu mwaka. Sebene nilijifunza kwa kusikiliza, kama kila mpiga solo wa rika langu, na ndani yake mimi sikuwahi kusikia bia. Nilisikia shukrani isiyotosha kwenye maneno. Ninaposikia Rosetta akiimba habari za Mungu mbele ya bendi ya dansi, namwelewa kwa namna ambayo kitabu kisingenielewesha.

Tuje juzuu ya pili, ambayo kwangu ndiyo ya kununua kama una uwezo wa moja tu.

Humo ndimo kuna “Strange Things Happening Every Day”, iliyorekodiwa Septemba 1944 akiwa na piano ya Sammy Price, besi na ngoma. Bendi kubwa imeondoka. Mkono wa kushoto wa Price unatembea bila kupumzika, ngoma inasukuma kutoka nyuma, na Rosetta anawaambia waongo wa kanisani waache uongo wao, huku akiingiza solo ambayo mpiga gitaa yeyote wa leo angeweza kuipiga jukwaani usiku huu bila kuonekana wa zamani. Mwaka 1945 wimbo huu ulifika namba 2 kwenye chati ya jarida la Marekani la Billboard iliyotengwa kwa muziki wa watu weusi. Injili haikuwa imezoea kufika huko. Wapo wanaouita rekodi ya kwanza ya rock and roll. Siingii kwenye ubishi wa nani wa kwanza, ila hesabu miaka: Elvis Presley alikuwa mtoto wa miaka 10, na santuri ya kwanza ya Chuck Berry ilikuwa bado miaka 10 mbele. Naye Little Richard, nyota mwingine wa rock and roll, alipokuwa kijana wa miaka 14 huko Macon, Georgia, mwaka 1947, ni Rosetta aliyemsikia akiimba, akampandisha jukwaani na kumlipa.

Kuhusu ubora wa sauti, uwe tayari. Hizi ni rekodi zilizonakiliwa kutoka santuri za kasi ya mizunguko 78 kwa dakika, na mikwaruzo ipo. Haikuchujwa yote, na hilo ndilo ninalolisifu, kwa sababu chini ya mikwaruzo gitaa liko hai. Unasikia ukucha ukigusa waya. Kwa spika ya simu utakata tamaa. Mimi natumia deki ya zamani yenye spika mbili za mbao, napunguza sauti za juu kidogo, naongeza za kati. Baada ya nyimbo mbili tatu sikio linaacha kusikia mikwaruzo. Kila wimbo ni kama dakika tatu, urefu wa upande mmoja wa santuri ya wakati ule, kwa hiyo usisikilize CD nzima kwa mkupuo. Nyimbo 5 au 6 kwa jioni zinatosha. Na kwa kuwa mkusanyo unataka kila kitu kiwemo, utakutana na wimbo mmoja umerekodiwa zaidi ya mara moja. Asiyepiga ala anaweza kuchoka. Kwangu hizo rudufu ndizo darasa.

Nasema darasa kwa maana yake halisi. Jumamosi nafundisha gitaa vijana wa kanisa, na kati yao yupo binti mmoja wa kidato cha tatu ambaye nyumbani wamemwambia mara nyingi kwamba gitaa si la wasichana, aende kwaya. Nilimwekea “That's All” ya 1938 bila kumwambia ni nani. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, “Mwalimu, huyu anayeimba na anayepiga ni mtu mmoja?” Nikamwambia ndiyo. “Ni mama?” Ndiyo. Akaomba nirudishe mwanzo. Tulihangaika wiki mbili na zile nota za kuingilia, maana Rosetta alizoea kutyuni nyuzi wazi, ukizipiga bila kubana chochote zinatoa kodi kamili, na sisi tulikuwa tukizitafuta kwenye tyuni ya kawaida. Tulipolegeza nyuzi, mkono wa binti ulienda wenyewe. Sasa anaipiga vizuri kuliko mimi, na nimefurahi sana.

Kuna jambo kwenye maisha ya Rosetta linalonifanya nithamini zaidi kazi hii ya kutoa upya rekodi zake. Mwanamke huyu mwaka 1951 alifunga ndoa uwanjani Washington, Griffith Stadium, mbele ya watu maelfu walioingia kwa tiketi, na baada ya kiapo akapiga gitaa. Alipofariki Philadelphia mwaka 1973 alizikwa bila jiwe la kaburi. Lilikuja kuwekwa baada ya watu kuchangishana kwenye tamasha la mwaka 2008. Jumba la Rock and Roll Hall of Fame lilimwingiza 2018, miaka 45 baada ya kifo chake. Kwa muda mrefu rekodi zake nyingi za mwanzo zilikuwa kwenye santuri zilizochakaa kwa watu binafsi. Aliyezikusanya, akazipanga kwa tarehe na kuandika jina la kila aliyepiga, amemtendea haki ambayo kwa miaka mingi hakutendewa.

Kwa anayeanza kabisa: anza na juzuu ya pili, “Strange Things”, kisha rudi kwenye zile nyimbo 4 za 1938. Kwa mpiga gitaa wa kanisani: nunua zote mbili, na uwe na gitaa mkononi unaposikiliza. Kwa anayetaka lile gitaa jeupe la umeme la kwenye video, juzuu hizi hazitakupa. Hilo ni la miaka ya baadaye.

Mimi juzuu ya tatu nimeshamwagiza shemeji. Hiyo inafika mpaka 1951, na ninayoisubiri ni rekodi ya 1949 ambamo Rosetta anaimba na mama yake, Katie Bell. Mama yangu ana miaka 71, ndiye aliyeniimbia tenzi kabla sijajua kusoma, na ameniambia siku CD ikifika nimpigie simu kwanza, nisiifungue mpaka aje.