Quote Investigator: nilimtafuta Mark Twain, nikamkuta Mfaransa

Kazi yangu ni kusahihisha miswada. Mwezi uliopita nililetewa mmoja ambao mwandishi ameufungua kwa maneno haya: "Samahani kwa barua ndefu, sikupata nafasi ya kuandika fupi." Chini yake, Mark Twain, mwandishi wa Kimarekani. Kitabu hakutaja, mwaka hakutaja. Jina kubwa lisilo na mwaka hunitia wasiwasi.

Nilianzia kwenye tovuti za nukuu, zile zenye picha za machweo. Zote zilisema Twain, na moja ilikuwa imenakili hadi kosa la tahajia la mwenzake. Tovuti hamsini za namna hiyo mimi nazihesabu shahidi mmoja.

Ndipo nikafungua Quote Investigator, tovuti inayochunguza nukuu zilikotoka, ya mtu anayejiita Garson O'Toole, iliyoanza 2010. Haina madoido. Makala hufungua kwa swali la msomaji, kisha ushahidi unapangwa kwa tarehe, mkongwe akitangulia. Maneno yangu yalikuwa yamefuatwa hadi kwa Blaise Pascal, mwanafalsafa wa Kifaransa, katika barua ya 16 ya mkusanyiko wake uitwao Lettres provinciales, ya tarehe 4 Desemba 1656. Twain kazaliwa 1835! Njiani wamo waandishi wengine, John Locke, Benjamin Franklin na Henry David Thoreau, kila mmoja kalisema wazo hilo kivyake. Twain naye hakufukuzwa hivihivi: umewekwa mstari wake wa 1871, ambapo kweli aligusia urefu wa barua zake, ila kwa maneno mengine kabisa. Hapo ndipo nilipoanza kuiamini tovuti hii.

Hata hivyo nikataka kuuona ukurasa wenyewe, nikaingia kwenye maktaba ya mtandaoni yenye picha za vitabu vya kale. Nusu saa natafuta neno la Kifaransa "loisir", yaani nafasi, sipati kitu. Kumbe chapa za karne ya 17 zina s ndefu inayofanana mno na f, na kompyuta ilikuwa inasoma "loifir". Nikaandika kosa lenyewe, mstari ukajitokeza. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna kazi ya ziada. Tovuti ni ya Kiingereza tupu, kwa hiyo ukiwa na nukuu iliyokwisha kutafsiriwa inabidi ukisie ilivyokuwa awali. Mimi nilijaribu mara tatu ndipo ikakubali. Usitafute kwa jina la mwandishi, utaletewa uvumi uleule. Chukua maneno manne au matano yasiyo ya kawaida. Na methali zetu zinazobandikwa majina ya wakubwa, huko usizitarajie. Makala nyingine ni ndefu kupita kiasi (kwa mada hii, ni kichekesho), lakini mwenye haraka anaweza kurukia aya ya mwisho, ambamo mwenyewe anasema nani apewe sifa na kwa uhakika kiasi gani.

Nitairudia? Tayari nimeirudia, mswada huo una nukuu nyingine sita.

Nilimwandikia mwandishi kumpa habari. Akajibu, "Mhariri wangu, sawa, lakini huyo Pascal wasomaji watamjua?" Tumebishana siku mbili. Mwishowe Pascal kaingia, na mwaka wake.