Video za wananchi gazetini: kuzinukuu tu au kuzithibitisha?
Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipokaribia, wakazi wa maeneo ya hatari Mtwara waliambiwa wahamie sehemu salama. Hatimaye kilipiga Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Siku kama hizo simu hujaa video, na gazeti lina njia mbili.

Ya kwanza ni kuandika "video iliyosambaa mitandaoni inaonyesha" na kuendelea. Ni ya haraka. Kwa ngoma au vichekesho inatosha.

Ya pili ni kumtafuta aliyerekodi na kumwomba faili lenyewe, maana video iliyopitia WhatsApp hupoteza taarifa za saa na mahali. Kisha mwandishi anaitazama kwa makini. Minazi na mabati vipo pande zote mbili za mto, lakini kibao cha duka cha Kireno hakitoki Shangani ya Mtwara. Namba za magari nazo husema. Anampigia mtu aliyeko Msimbati, pwani ya Mtwara, anamuuliza bahari ikoje sasa hivi. Kazi hii hula saa kadhaa, na wenzake huenda wameshachapisha.

Kwenye maafa nachagua ya pili bila kusita: mvuvi wa Mikindani anaamua kutoka au kubaki kutokana na anachosoma. Na aliyerekodi aombwe ruhusa, atajwe akitaka. Video ni kazi yake.