Kabla hujailipia fremu ya titani, chungulia ndani

Fremu yangu ya kwanza ya baiskeli, ya metali ya titani, ilikufa Jumapili asubuhi, juu ya jiwe lisilozidi kiuno, mbele ya watoto wawili waliokuwa wakila chipsi. Haikupiga kelele. Nilitua kwa gurudumu la nyuma kama nilivyotua siku zote, nikasikia "tik", kama njiti ya kiberiti inayokatika. Nyumbani, nikiwa nafuta tope, nikaona mstari mwembamba kama unywele chini ya bomba la usukani, pale linapokutana na bomba kubwa la chini. Ilikuwa na miezi saba tu. Niliilipia paundi 1,450, na hapo sijanunua uma wa mbele, magurudumu wala boliti.

Kwa mgeni wa mambo haya: trayali ni ule mchezo wa kupanda mawe, magogo na kuta kwa baiskeli bila kugusa chini kwa mguu. Baiskeli yenyewe haina kiti, kwa sababu hakuna anayekaa. Unasimama, unafunga breki, unaruka kwa gurudumu moja kama kunguru mwenye haraka. Kila mruko unaishia kwenye fremu. Ndiyo maana walevi wa mchezo huu hufikia siku wakatamani fremu ya titani iliyotengenezwa kwa mkono, kwa vipimo vyao wenyewe, na ndiyo maana mnaniandikia. Tangu niweke picha ya ule ufa nimepata jumbe za kutosha, nyingi zikiuliza swali moja: ninunue ya nani?

Nitajibu. Lakini kwanza nikupeleke kwa mzee.

Naishi Sheffield, Uingereza, mji ambao kila mtaa una mtu aliyewahi kufanya kazi ya vyuma. Mmoja wao, mstaafu aliyechomelea titani miaka mingi, alikubali kuitazama maiti yangu. Aliniita "mpenzi", kama watu wa hapa wanavyomwita kila mtu hadi dereva wa basi, akaishika fremu, akausifu mshono. Kweli ulikuwa mzuri: vimawimbi vimepangana kama sarafu zilizolazwa, rangi ya fedha tupu. Kisha akachukua msumeno, akalikata bomba nusu inchi kutoka kwenye kiungo, akanipa tochi.

Ndani palikuwa kijivu. Pembeni bluu na zambarau, na katikati ya mshono unga mweupe uliotoka kwa kucha.

Ndugu zangu, mmewahi kununua kaimati barabarani, nje dhahabu, ukiuma unakuta unga mbichi? Basi ndiyo hiyo fremu. Tofauti ni kwamba kaimati haikuvunji bega.

Hili ndilo jambo ambalo miongozo yote ya kununua inaliruka. Titani ikiwa baridi ni sugu, haishiki kutu, hata maji ya chumvi haiyajali. Ikipata moto wa kuchomelea inageuka mlafi: inanyonya oksijeni na nitrojeni kutoka hewani, na iliponyonya inakuwa ngumu na kavu kama biskuti. Kwa hiyo fundi huifunika kwa gesi ya agoni mpaka ipoe. Upande wa nje ni kazi nyepesi, gesi inatoka kwenye tochi ya kuchomelea yenyewe. Upande wa ndani ya bomba lazima upewe gesi yake peke yake, kwa mpira wa gesi wa pili, fundi asubiri hewa yote itoke ndipo awashe moto. Inachukua muda. Inakula gesi. Na hakuna mteja atakayeona.

Rangi ndiyo shahidi. Fedha inayong'aa ni salama. Rangi ya majani makavu, manjano hafifu, bado unaweza kulala usingizi. Bluu na zambarau, anza kuuliza maswali. Kijivu au unga mweupe, hiyo si fremu tena, ni pambo la ukutani.

Na hapa ndipo wauzaji wanaponiudhi. Fremu nyingi humaliziwa kwa kupigwa mchanga kwa hewa ya kasi, zikawa na ule mwonekano wa kijivu laini tunaoupenda sote. Mchanga unafuta rangi ya mshono. Sisemi kila anayepiga mchanga anaficha kitu, mafundi waaminifu wanafanya hivyo kila siku. Nasema tu kwamba baada ya hapo huwezi kujua kwa kutazama nje. Ndani, mchanga haufiki kwa urahisi. Kwa hiyo ndani ndiko kwenye ukweli.

Nunua ile kamera ya waya inayochomekwa kwenye simu, yenye kichwa cha milimita 5.5. Hapa bei yake haifiki kilo mbili za nyama ya mbuzi. Toa uma, toa ekseli ya pedali. Ndani ya bomba la usukani na lile bomba fupi la pedali utakuta vitundu vilivyotobolewa kuelekea kwenye mabomba mengine. Humo ndimo gesi hupita. Penyeza kamera, tazama nyuma ya kila mshono, hasa chini ya bomba la usukani na pale vyuma vya nyuma vinaposhikana na bomba la pedali, maana huko ndiko mtuo wa gurudumu la nyuma unakomalizikia. Ukikuta hakuna kitundu hata kimoja, jiulize gesi ilipitia wapi.

Uzito? Sijaupima na sitaupima. Rangi, michoro, jina lako kwa leza, hayo ni yako na mfuko wako. Jiometri kila mpandaji ana dini yake. Hakikisha tu umeandika waziwazi kwamba unataka nafasi ya milimita 116 kwa habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma ya baiskeli ya inchi 20, au 135 kwa ya inchi 26, na kama ni breki za Magura HS33 zinazobana rimu, vishikio vya boliti nne. Jambo moja la pembeni: titani si ngumu kuliko chuma. Ukakamavu wake ni karibu nusu. Breki za HS33 zikibana kwa nguvu zinaisukuma fremu ipanuke, na fremu nyembamba itapanuka kweli. Mwambie fundi atumie mabomba manene kwa kipenyo huko nyuma. Basi, turudi ndani.

Orodha yangu hii hapa, na upendeleo wangu siufichi.

Namba moja ni Waltly, wa Xiamen, mkoa wa Fujian. Najua mnachosema. Kwetu pwani "mchina" ni neno la kitu kitakachovunjika kabla hujafika nyumbani, na mama yangu hadi leo anagonga kila sufuria kwa kucha kabla hajanunua. Lakini hawa kazi yao ni titani, wanapokea oda ya fremu moja kutoka kwa mtu mmoja, wanakuchorea mchoro na kukutumia uukubali kabla bomba halijakatwa. Nilipoomba picha za ndani ya mishono, hawakuniuliza za nini. Zilikuja. Fedha tupu, na sehemu mbili zenye umanjano wa majani makavu. Fremu hiyo ndiyo ninayopanda, mwaka wa tatu sasa, na kamera yangu imeingia humo mara nyingi kuliko daktari wangu wa meno alivyoingia kinywani mwangu.

Kasoro ipo, tena kubwa: watakutengenezea ulichochora. Ukikosea urefu wa nyuma, watakuletea kosa lako likiwa limechomelewa vizuri sana. Usiende kwao kama hujawahi kupanda baiskeli mbili tatu tofauti na kuzipima kwa futi. Na mzigo ukifika Uingereza kuna asilimia 20 ya VAT, pamoja na ada ya kampuni ya usafirishaji kwa tabu ya kukudai hiyo VAT. Ada ya kudaiwa! Haya.

Namba mbili ni fundi wa peke yake aliye karibu nawe, awe na karakana hata ya chumba kimoja. Sitaji jina, kwa sababu wa kwangu hatakuwa wa kwako. Uzuri wake ni kwamba unaweza kwenda kusimama pale. Tazama mtungi wa agoni: kuna mipira mingapi? Unataka uone miwili, mmoja wa tochi na mwingine wa kuingia ndani ya fremu. Tazama mikono yake: anagusa mabomba yaliyosafishwa bila glavu? Mafuta ya kidole yanatosha kuharibu mshono. Muombe kipande cha majaribio alichokikata. Mafundi wazuri wana ndoo nzima ya vipande hivyo na hufurahi mtu akiviulizia, wengine utashindwa kuondoka. Anayekujibu kwamba hiyo ni siri ya karakana, muage kwa adabu. Ningemweka namba moja kama angeweza kumaliza fremu kabla goti langu halijazeeka.

Namba tatu, Wamarekani. Moots wa Steamboat Springs, Colorado, wako tangu 1981. Seven wa Massachusetts tangu 1997, na jina lao limejengwa juu ya fremu za vipimo vya mteja. Lynskey wa Chattanooga, Tennessee, ni familia ileile iliyoanzisha Litespeed, kampuni nyingine ya baiskeli za titani. Mishono yao ni ya kuandikia mashairi. Ila katalogi zao ni za barabara, changarawe na milima. Trayali utaiomba kwa barua ya upole na huenda ukaambiwa hapana. Ukiambiwa ndiyo, kaa chini kabla hujafungua bei.

Namba nne ni Warusi, na nawaweka hapa kwa masikitiko. Titani wanaijua: VSMPO-AVISMA, mmoja wa wazalishaji wakubwa kabisa wa titani duniani, yuko Verkhnyaya Salda kule Urali, na Triton wa Moscow alijenga jina kwa fremu za vipimo vya mteja. Lakini Visa na Mastercard zilisimamisha huduma Urusi Machi 2022, na simshauri mtu atume pesa kwa njia za uchochoroni akae kuomba dua.

Zile zisizo na jina kwenye masoko ya mtandaoni, hapana. Rahisi huvunja upishi.

Kama pesa ni ngumu, nunua ya alumini kutoka kwa watu wa trayali wenyewe, Inspired, Clean au Comas, na ufurahi. Alumini inashinda mashindano kila mwaka.

Sasa kuhusu bei, maana nimejizuia vya kutosha. Mimi nimekulia Msambweni, pwani ya Kenya. Kwetu Kwale kulichimbwa mchanga mweusi wenye titani, yaani madini ya ilmenaiti na rutili. Shehena zilianza kutoka 2014, malori yakipeleka Likoni, meli zikiondoka, hadi uchimbaji ulipofungwa Desemba 2024. Sehemu kubwa mno ya madini ya aina hiyo duniani haigeuki kuwa metali kabisa, inakuwa rangi nyeupe ya kuta na dawa ya meno. Kidogo kinachofanywa metali hupitia njia aliyobuni William Kroll wa Luxembourg miaka ya 1930: mchanga unageuzwa kwa klorini, kisha unapikwa na magnesiamu kwenye chungu kilichofungwa bila hewa, sufuria moja moja, siku kadhaa kwa kila pishi. Tangu wakati huo haijapatikana njia rahisi iliyoiondoa hiyo sokoni. Kwa hiyo naelewa kwa nini bomba la titani ni ghali. Nisichoelewa ni muuzaji anayenitoza gharama hiyo yote, kisha anabania gesi ya dakika kumi.

Na yale maneno! "Ubora wa anga za juu." Kila fremu ya titani niliyowahi kuonyeshwa ni ya ubora wa anga za juu. Mabomba mengi ya baiskeli ni mchanganyiko uleule, titani yenye alumini asilimia 3 na vanadi asilimia 2.5, na ni mabomba mazuri, hata fremu yangu iliyokufa ilikuwa nayo. Bomba halikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa nusu inchi kutoka hapo, gizani.

Duka lililoniuzia silitaji. Niliwatumia picha za mzee na msumeno wake, nikawakumbusha dhamana ya maisha iliyoandikwa kwenye risiti. Walichukua wiki tano. Jibu lilikuwa la mistari miwili: dhamana haihusu matumizi ya kuruka kutoka juu. Nilifungua ukurasa wao wa fremu hiyohiyo usiku ule. Picha ya kwanza kabisa, kijana yuko hewani, gurudumu la nyuma likielekea ukutani, na chini yake hakuna kitu ila kivuli chake.