Uzoefu wangu: misimu miwili ya zabibu ndani ya paneli ya Django

Mwezi wa tatu mzee mmoja aliingia ofisini kwetu, akatoa "mbukwa", salamu ya Kigogo, kwa wote, akakaa. Kisha akatoa stakabadhi iliyokunjwa mara nne. Stakabadhi inasema kilo 420. Mfumo niliouunda mimi unasema kilo 240. Nikafungua historia ya ile rekodi mbele yake, kwa kujiamini kabisa. Ikaniambia uzito umebadilishwa, nani kabadilisha, siku gani na saa ngapi. Umebadilishwa kutoka ngapi? Kimya. Mzee akaniangalia, mimi nikaiangalia skrini.

Chama chenyewe ni AMCOS, yaani chama cha ushirika wa mazao, ndogo tu ya wakulima wa zabibu upande wa Mpunguzi, nje kidogo ya Dodoma mjini. Watumiaji ni watatu: karani wa mizani, mhasibu na katibu. Hawakuwa na hela ya kutengenezewa mfumo mkubwa, kwa hiyo niliwapa Django pamoja na paneli yake ya usimamizi (kurasa zilizo tayari za kuingiza na kurekebisha rekodi), basi. Django ni programu huria ya kutengenezea tovuti na mifumo ya mtandaoni. Ilianzia mwaka 2003 kwenye chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World, Kansas, Marekani, ikaachiwa umma mwaka 2005. Asili hiyo bado inaonekana: paneli imekaa kama meza ya mhariri anayejua kila faili lake lilipo. Waliotengeneza wenyewe wanasema ni chombo cha ndani ya ofisi, usijengee tovuti yako nzima juu yake. Sisi ofisi ndiyo tuliyokuwa nayo, kwa hiyo sikuona tatizo.

Na kwa kweli mwanzo nilifurahi. Unaeleza majedwali yako (mkulima, mzigo, malipo), jioni ileile una mahali pa kuingilia kwa nywila, utafutaji, vichujio, na ruhusa za nani aone nini. Tangu toleo la 2.0 la Desemba 2017 kurasa zinakaa vizuri hata kwenye simu, na pale mizani ilipo ni simu tu, jua na vumbi.

Karani wetu ni mama wa makamo aliyeandika madaftari ya mizani miaka mingi. Siku ya kwanza aliandika mzigo umefika 02:15. Kwake ilikuwa saa mbili na robo asubuhi, na hajakosea. Pembeni ya sehemu ya saa paneli ina njia za mkato: sasa hivi, saa sita usiku, saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni. Chini yake kuna onyo kwamba saa yako iko mbele ya ile ya seva (kompyuta inayoendesha mfumo) kwa muda wa saa tatu. Onyo hilo liliondoka nilipoweka majira ya Africa/Dar_es_Salaam kwenye mipangilio. Suala la 02:15 nililimaliza kwa kuondoa sehemu ya saa kabisa, mfumo ujaze wenyewe.

Kingine ni kitufe cha Enter. Mama amezoea kikokotoo: namba, Enter, namba, Enter. Kwenye paneli, Enter ni sawa na kubonyeza kitufe cha kwanza, yaani hifadhi na urudi kwenye orodha. Yeye anataka hifadhi na uongeze mwingine, maana foleni ya wakulima ipo na zabibu haisubiri. Ningependa niweze kuchagua kitufe kipi kitangulie kwa jedwali fulani bila kuandika upya kiolezo cha ukurasa.

Kuhusu Kiswahili, lugha imo kwenye orodha ya Django, ila tafsiri ina mapengo, unasoma Kiswahili mstari mmoja na Kiingereza unaofuata. Mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa, wa watumiaji wa Django barani, ulifanyika Zanzibar, Novemba 2023, sasa tukikosa tafsiri kamili wa kulaumiwa ni sisi wenye lugha. Kazi ya kutafsiri hufanyika kwenye tovuti ya Transifex na mlango uko wazi. Nilijaribu kujaza mapengo mwenyewe kwenye mfumo wetu. Nilipoandika "Hifadhi" kwenye kitufe, mama akacheka: "Mwanangu, hifadhi si ya wanyama?" Nikabadilisha ikawa "Tunza".

Turudi kwa mzee. Chanzo kilipatikana baada ya nusu siku ya kupekua nakala za kaboni. Katika kijiji kimoja tuna wakulima wawili wenye majina matatu yanayofanana, herufi kwa herufi. Katibu aliambiwa arekebishe mzigo wa mmoja, akafungua wa mwingine. Hapo makosa yangu ni mawili. Kwanza, paneli kwa kawaida hukuwekea wahusika wote kwenye orodha moja inayoshuka, wakulima zaidi ya elfu moja kwenye kila ukurasa, bando linaliwa na jicho linachoka. Dawa ipo, `autocomplete_fields`, unaandika herufi chache mfumo unakutafutia majina, nayo ilikuja na toleo lilelile la 2.0, lakini lazima uijue uiwashe. Pendekezo langu: jedwali likizidi ukubwa fulani, Django imwonye mtengenezaji pale anapokagua mradi wake. Pili, utafutaji huo unaonyesha jina tu kama ulivyoliandika kwenye msimbo. Sasa jina la mkulima wetu hutokea na kitongoji chake na tarakimu nne za mwisho za simu.

Lakini hata ungepanga majina vipi, binadamu atakosea, ndiyo maana nasema historia ndiyo pengo kubwa kuliko yote. Tangu toleo la 1.10 ujumbe wa mabadiliko unatunzwa kwa muundo wa JSON (maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome), ukiwa na orodha ya sehemu zilizoguswa. Nafasi ya kuweka thamani ya zamani na mpya ipo palepale. Najua pingamizi: sehemu nyingine zina siri, nywila au namba za vitambulisho, hutaki zinakiliwe kwenye kumbukumbu. Sawa, basi isiwe kwa wote. Nipe mstari mmoja wa mpangilio nitaje mwenyewe: uzito, daraja, bei. Vitatu hivyo vingenitosha. Kwa sasa nimefunga django-simple-history, kifurushi cha nje kinachopiga nakala ya rekodi nzima kila inapotunzwa. Kinafanya kazi vizuri, ila ni mzigo mwingine wa kulea kila Django inapopanda toleo.

Na watu wawili wakifungua rekodi moja kwa pamoja, wa mwisho kutunza ndiye anayeshinda, wala wa kwanza haambiwi. Hilo nalo ningetaka lirekebishwe kabla ya kuletewa mwonekano mweusi, uliokuja na toleo la 3.2. Hapa Dodoma skrini nyeusi juani ni kioo cha kujitazama tu.

Mzee alilipwa tofauti yake wiki ileile. Mavuno ya Agosti tumeyaandika kwa paneli hiihii, na nitaitumia tena msimu ujao. Kitabu cha kaboni bado kiko mezani, kando ya mizani, na mama hataki kusikia habari ya kukiondoa.