TAHADHARI: "dokta" wa WhatsApp anayeuza mafuta ya samaki ya moyo

Wakuu kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya vikoba hapa Dar, anajiita dokta, picha ya profaili kavaa koti jeupe, anauza vidonge vya mafuta ya samaki eti vinazibua mishipa ya moyo na ukivitumia unaachana na dawa za hospitali. Mkimbieni.

Shangazi yangu kapimwa, trigliseraidi (yale mafuta kwenye damu) imetoka 610, na ikishapita 500 hata kongosho linaweza kuvimba, siyo mchezo. Hospitali wakamwanzishia statini (dawa za kushusha kolesteroli). Jamaa akamuuzia chupa mbili, elfu tisini kila moja, hela kwanza ndo boda inakuja, akamwambia hizo statini aweke pembeni zinaua ini.

Nimeishika hiyo chupa. Mbele 1000 mg kubwaaa, geuza nyuma sasa, kwa maandishi ya kutafuta na tochi: EPA 180, DHA 120. Hizo mbili ndo omega-3, yale mafuta ya samaki yenye kazi, yani omega-3 yenyewe 300 tu, iliyobaki mafuta ya kawaida. Dozi ya madaktari ya kushusha trigliseraidi iliyopanda sana ni gramu 4 kwa siku, pigeni hesabu wenyewe, vidonge 13 na ushee, yeye kaandika viwili. Halafu tarehe ya kuisha imebandikwa stika, nikaikwangua kwa kucha, chini kuna tarehe nyingine ishapita zamani. Nikatoboa kidonge na pini, harufu iliyotoka ni ya dagaa waliolala kwenye mvua.

Kilichonichosha ni ushahidi wake. Anatuma skrinshoti ya utafiti wa REDUCE-IT wa 2018, na ni utafiti wa kweli, matatizo ya moyo yalipungua kwa asilimia 25. Ila ile ilikuwa EPA iliyosafishwa, ya kuandikiwa na daktari, gramu 4, na washiriki WOTE walikuwa kwenye statini, dawa zilezile anazomwachisha shangazi! Utafiti wa VITAL mwaka huohuo, watu zaidi ya elfu 25, gramu moja kwa siku, haukuona nafuu ya maana kwa moyo. Huo hautumi.

Tumedai hela katublock. Namba anabadilisha ila picha ni ileile. Mliokwisha nunua msitupe chupa, pelekeni TMDA (mamlaka ya dawa), na kama kuna mzazi kaachishwa dawa arudi kliniki wiki hii, hasa anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au mwenye mapigo ya moyo ya kurukaruka, awaambie kabisa anakunywa nini.