Uzoefu wangu na trekta dogo la mtumba lililosahauliwa oili

Trekta lenyewe ni la Kijapani, injini ya dizeli ya silinda tatu, nguvu za farasi 24, linavuta kwa magurudumu yote manne. Nimelinunua kwa mkulima mwenzangu hapa Dakawa, Morogoro, pamoja na rotaveta yake, ile mashine ya kusaga udongo inayofungwa nyuma. Wengi walishalitazama wakaondoka wakisema limechoka. Mikono ya nyuma ilinyanyua rotaveta kwa kusuasua, pampu ya haidroliki, inayosukuma oili ya kunyanyulia, ililia, na jua likipanda rejeta inachemsha. Mimi nililipenda niliposikia linavyowaka asubuhi: halitoi moshi wa bluu, haligongi. Injini nzima, ila oili na maji yake yalikuwa yamekufa siku nyingi. Sasa nimelilimia msimu mzima wa mpunga na ninaweza kusema bila wasiwasi kwamba ningelinunua tena.

Anayetaka kununua trekta la namna hii afike asubuhi, kabla halijawashwa. Alegeze kidogo nati ya kumwagia oili chini ya giaboksi, asiitoe. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo trekta likilala usiku kucha maji hutulia chini na ndiyo yanayotangulia kutoka. Kwangu yalitangulia, kisha ikafuata oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Muuzaji aliona kwa macho yake, tukaanza upya kuzungumza bei.

Kwenye lori, giaboksi ina oili yake na difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, ina yake. Trekta dogo la aina hii haliko hivyo. Gia, difu, breki za ndani na haidroliki vyote vinatumia oili moja, zaidi ya lita 20 kwa saizi ya langu. Oili inayolainisha gia ndiyo hiyohiyo inayonyanyua rotaveta. Ikichanganyika na maji, beringi zinashika kutu na pampu inakosa oili safi ya kusukuma. Filta nayo ikiziba, pampu inavuta kwa shida na kuanza kulia. Wengi wakisikia kile kilio wanakimbilia kununua pampu mpya, ambayo ni ghali kuliko oili, filta na sili zote (raba za kuzuia oili isivuje na maji yasiingie) nilizonunua mimi kwa pamoja.

Na maji yanaingilia wapi? Sisi wa mpunga tunavuruga majaruba ekseli zikiwa ndani ya tope. Sili ikichakaa, maji yanapita. Raba za miti ya gia zikipasuka, mvua inashuka moja kwa moja ndani. Trekta linalolala nje linapata pia unyevu wa hewa, hasa kama linafanya kazi kidogo na halipati joto la kuukausha.

Baada ya kulinunua, mimi na fundi tulianza kwa kuliendesha mpaka oili ikapata moto, tukashusha mikono ya nyuma, ndipo tukamwaga. Nati za kumwagia si moja. Langu lina ya katikati na nyingine pembeni kwenye ekseli za nyuma, na ukifungua ya katikati peke yake unabakiza lita kadhaa za uchafu. Chujio la waya tulilisafisha kwa dizeli, filta tukaweka mpya. Kwenye sumaku ya nati kulikuwa na uji mweusi laini, ambao ni mchakao wa kawaida wa gia. Ningekuta vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole, ningesimamisha kazi na kulifungua giaboksi.

Oili ya kwanza niliyojaza niliihesabu kuwa ya kusafishia. Tulifanya kazi nyepesi kwa saa chache, tukinyanyua na kushusha rotaveta ili oili ipite kwenye silinda na mabomba yote ya mpira, kisha tukaimwaga ingali moto. Ilitoka na ukungu, maana yake maji yalikuwa yamejificha ndani. Ya pili imebaki angavu hadi leo. Najua inauma kumwaga oili mpya, lakini kwa trekta lililoingia maji kujaza mara moja hakutoshi.

Usikubali kuwekewa oili ya injini namba 40 wala oili ya gia namba 90 kwenye giaboksi. Ni nzito kwa pampu, na breki za ndani zinaanza kupiga kelele. Tafuta oili ya matrekta yenye alama ya UTTO au J20C kwenye dumu, yaani oili moja inayofaa gia, breki za ndani na haidroliki. Oili ya gia 80W-90 niliiweka kwenye ekseli ya mbele, ambako inafaa, baada ya kubadilisha sili zake zilizokatika.

Injini haikusumbua: oili ya 15W-40 na filta, basi. Oili ya dizeli kuwa nyeusi isikutishe, inakuwa hivyo baada ya saa chache tu. Chujio la dizeli lilikuwa na maji chini ya kikombe, tukamwaga na kubadilisha.

Rejeta ilikuwa imejazwa maji ya kisima miaka yote, na kutu ilitoka nyekundu. Tuliisuuza mpaka maji yakawa meupe, tukaweka kulanti, ile dawa ya rejeta ya kuzuia kutu, nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi. Fundi aliniambia, “Mzee, themostati hii tuitoe kabisa, litapoa zaidi.” Themostati ni kidude kinachozuia maji yasizunguke kwenye rejeta kabla injini haijapata joto. Nikamjibu, “Hapana fundi, tununue nyingine.” Injini ya dizeli ikifanya kazi baridi inachoma mafuta vibaya na kuchakaa mapema, na chanzo cha kuchemsha kilikuwa kutu. Halijachemsha tena, hata mchana.

Oili chafu niliihifadhi kwenye mapipa. Jirani mmoja alichukua ya kupaka nguzo zake dhidi ya mchwa. Kuimwaga karibu na mfereji hapa ni kuipeleka kwenye majaruba ya wenzako.

Rotaveta sasa inapanda mara moja na pampu imenyamaza. Kasoro iliyobaki ni kwamba nikizima injini rotaveta inashuka polepole yenyewe, na hiyo huenda ni sili ya silinda ya kunyanyulia, oili haiwezi kuitibu. Nitaifungua baada ya mavuno. Kwa sasa naishusha chini kila ninapoegesha, na mtoto yeyote haruhusiwi kupita chini yake.