Leseni ya Windows ya nyumbani: ipi ununue na ipi uiache hapo hapo dukani

Meseji ninazopata siku hizi karibu zote ni moja. "Dada, niliuziwa Windows 11 Pro ya maisha kwa bei ya kutupa, sasa imeanza kuniandikia muda umeisha na yule kaka hapokei simu." Inauma sana, maana hawa ni watu waliotaka kufuata haki, wametoa hela yao wakijua wananunua leseni halali, na bado wamepigwa.

Tukienda kununua tunauliza RAM ngapi, SSD ngapi, Windows 10 au 11, basi tumemaliza. Hakuna anayeuliza leseni ni ya aina gani, na shida yote iko hapo. Leseni za Windows ziko za aina tatu: OEM inayokuja na mashine kutoka kiwandani, Retail unayonunua mwenyewe, na Volume ya makampuni na vyuo. Hiyo Volume haiuzwi kwa mtu wa nyumbani kabisa, lakini ndiyo mnayouziwa kila siku. Kuna yenye mfumo wa KMS, ambapo kompyuta lazima iwasiliane na seva ya kampuni ndani ya siku 180, isipowasiliana leseni inakata. Fundi anakupigia Windows, anafungua settings mbele yako, unaona neno activated, unalipa unaondoka. Ungesoma mstari mzima ungeona imeandikwa kwamba imewashwa na huduma ya organization yako. Organization gani, na wewe uko sebuleni kwako Mbagala? Ni sawa na kutumia laini ya simu iliyosajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine, siku mwenyewe akiifunga huna pa kulalamika.

Kwa hiyo kabla hela haijatoka mkononi bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /dli halafu enter, subiri kisanduku kitokee. Ukikuta OEM_DM, vizuri, leseni hiyo imetoka kiwandani na imelala ndani ya bodi ya mashine. Ukikuta RETAIL dai na risiti, maana neno peke yake halitoshi. Ukikuta VOLUME_KMSCLIENT au VOLUME_MAK kwenye kompyuta ya nyumbani, rudisha mashine mezani. Rudia na slmgr /xpr, hii inakuonyesha tarehe ya mwisho, na leseni ya kweli ya nyumbani haina tarehe ya mwisho, ukiona tarehe ya miezi michache mbele au ukiona mwaka 2038 ujue hapo imechezewa. Na mashine ikijiita Windows Enterprise usipoteze hata muda wa kuangalia, hiyo ni ya makampuni.

Sasa chaguo langu namba moja, na sifichi upande wangu: usinunue leseni peke yake, nunua ThinkPad used, zile laptopu za biashara za Lenovo, ambayo leseni imo ndani. Laptopu za biashara zilizotoka na Windows 10 Pro zina namba yao ya leseni kwenye baiosi, ile programu ya ndani ya bodi inayoiwasha mashine, ukipakua Windows 11 kutoka kwa Microsoft wenyewe ukaipiga upya inaisoma yenyewe, hulipi hata senti. Nampenda T480 kuliko mashine yoyote ya bei hiyo, kibodi yake, betri ya nyuma unayochomoa kwa mkono, na prosesa ambayo kwa nyingi zake ni Intel kizazi cha 8, ambacho kwa kawaida ndicho Windows 11 inaanzia kwa upande wa Intel. T470 ni nzuri pia ila kizazi chake hakikubaliki na Windows 11. Mwenye mapenzi na HP achukue EliteBook 840 G5, sio ile G3 iliyojaa kila duka Kariakoo, hiyo ni kizazi cha 6 na muuzaji akikuwekea Windows 11 ujue amepita mlango wa nyuma. Angalia tu kwamba namba ipo kweli, kwa sababu kuna mashine zilitoka kiwandani bila Windows.

Ya pili ni Retail ya Home, yaani toleo la kawaida la nyumbani, kutoka Microsoft moja kwa moja. Bei yake Marekani ni dola 139, Pro ni 199.99. Home inatosha, msidanganywe na Pro kama hutumii BitLocker, ile ya kufunga diski nzima kwa siri, au kuingia kwenye kompyuta yako ukiwa mbali. Uzuri wa Retail ni kwamba ukibadilisha kompyuta unahama nayo, OEM inakufa na mashine yake ya kwanza.

Wenye Windows 10 kwenye mashine isiyokubali 11, apdeti za kawaida ziliisha tarehe 14 Oktoba 2025, lakini kuna nyongeza ya usalama hadi Oktoba 2026, ni dola 30 au bure ukiunganisha akaunti ya Microsoft na kuhifadhi settings zako huko. Tumieni hiyo kwanza.

Linux Mint, mfumo mwingine unaoweka badala ya Windows, ni bure na ni halali, kwa brauza na kuandika barua inafaa. Zile namba za leseni za herufi 25 za bei chee mnazotumiwa WhatsApp ziko mkiani, hata nafasi siwapi.

Ila na bei nayo jamani. Dola 139 kwa hela yetu ni zaidi ya laki tatu, ongeza kidogo unapata laptopu nzima used, halafu tunashangaa watu wanakimbilia feki. Na wauzaji wanajua kabisa wanachofanya. Mashine imekuja kutoka Dubai na leseni yake halali ndani, mtu anaifuta anaweka Enterprise ya kukreki kwa sababu ndiyo iliyoko kwenye flashi yake, kisha anakuchaji hela ya "Windows orijino". Umelipia kitu ambacho tayari kilikuwa chako. Mwambie aipige upya Pro mbele yako bila kuingiza namba yoyote, halafu aandike kwenye risiti OEM au Retail kwa mkono wake na mhuri wa duka. Akigoma, maduka ya jirani yapo.